Rangi Iliyokataa Kushika

"Umebadilisha nini?"

Fundi mkuu aliniuliza hivyo Jumatatu moja asubuhi, mkono mmoja ameshika kibati cha alumini, mkono wa pili kipande cha tepu. Kwenye kibati hakukuwa na kitu. Rangi yote ilikuwa imehamia kwenye tepu, kijani na nzima, kama ngozi ya karanga zilizochemshwa. Nyuma yake ndege ya abiria sita ilikuwa juu ya stendi, tumbo wazi, mabati yake mapya yakingoja kupakwa rangi hiyo hiyo.

"Sijabadilisha kitu, mzee."

"Fikiri kwanza."

"Nimebadilisha rangi tu. Na hiyo tulikubaliana."

"Ya rangi naijua. Nakuuliza kingine. Aliyetengeneza hii rangi ameijaribu kwake, imeshika. Sisi tumeijaribu, imekataa. Kati yake na sisi kuna kitu. Umebadilisha nini?"

Mafundi wawili waliokuwa chini ya bawa waliacha kugonga ili wasikie vizuri. Karakana nzima ilinijua kama mtu wa kuuliza, na walikuwa wamesubiri kwa muda mrefu kuona siku nitakayoulizwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, shahada ya kemia, na miezi saba kazini. Kazi yangu ilikuwa stoo: kupokea vipuri na rangi, kusoma makaratasi yake, na kukataa chochote kisicho na karatasi. Karakana yetu ni banda kubwa la mabati nyuma ya uwanja wa ndege, upande wa kuelekea Temeke, na tulikuwa watu wanane. Tulitengeneza ndege ndogo, zile zinazopeleka wagonjwa, barua na watalii visiwani, zikatua asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Ndege hizo hufia kwenye chumvi. Hilo sikuhitaji kufundishwa, maana nimekulia Mbweni, kwenye nyumba ambayo mama yangu, mwalimu kutoka bara, aliijenga akitamani upepo wa bahari, na upepo huo huo ukazila nondo za madirisha kabla dari halijapigwa. Alumini haioti kutu nyekundu kama nondo. Inaota unga mweupe, kimyakimya, upande wa ndani usioonekana. Ndiyo maana kabla bati la ndege halijafungwa, upande wake wa ndani hupakwa rangi ya kijani inayoitwa praima. Abiria haioni maisha yake yote. Anakaa juu yake tu.

Kisha praima ikakatika. Barua ilikuja kutoka kwa msambazaji wetu wa ng'ambo, fupi na yenye adabu: kiwanda kimesimamisha uzalishaji, tarehe ya kuanza tena haijulikani, tunaomba radhi. Wiki ile ile wakatuambia na mipira ya kuzuia mafuta kwenye mguu wa mbele wa ndege haipatikani. Tulikuwa tumeshaing'oa ya zamani. Tulikuwa pia tumeshakata mabati ya tumbo yaliyoliwa na kuandaa mapya. Ndege ilikuwa kama mtu aliye mezani kwa daktari wa upasuaji, uzi umeisha.

Mwenye ndege alikuja mwenyewe, akaizunguka mara mbili bila kuigusa. Alikuwa na ndege tatu, zote tulizihudumia sisi, na ndiye mteja aliyetuweka mjini.

"Mwisho wa mwezi," alimwambia fundi mkuu. "Baada ya hapo nang'oa mabawa, napakia kwenye lori, naipeleka nchi jirani. Na zile mbili zitafuata."

Alipoondoka, fundi mkuu aliniita pembeni. Alikuwa mtu wa Kagera, mrefu, mwenye kawaida ya kusema jambo baya kwa sauti ile ile anayoombea chumvi.

"Zikiondoka hizo tatu, tutapunguza watu. Tutaanza na aliyekuja mwisho. Umenielewa?"

"Aliyekuja mwisho ni mimi, mzee."

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Sikuogopa. Nasema kweli, nilifurahi kidogo. Kwa miezi saba nilikuwa nimepanga visanduku na kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeyataka, na sasa mtu alikuwa na swali aliloona mimi naweza kulijibu.

Mipira ilinichukua siku moja na nusu. Kila mtu alikuwa anatafuta namba ya kipuri ya kiwanda kile kimoja. Mimi nikauliza: hivi huyu anayetuuzia, naye anaufinyanga mpira, au anaununua kwa mwingine na kuupa namba yake? Nikakaa na vitabu vya matengenezo, ukurasa kwa ukurasa, hadi nikakuta kipimo cha asili nyuma ya namba ile, na chini yake orodha ya viwanda vinne vinavyoruhusiwa. Kimoja kilikuwa na wakala hapa hapa mjini. Mipira ikaja kwa bodaboda ndani ya bahasha, na vyeti vyake vyote.

"Msomi huyo!" alisema fundi wa injini, kijana mwenye ulimi kuliko wote. "Sie tunasubirigi meli, kumbe mpira uko kwa jirani."

"Mlikuwa hamuulizi."

"Tungeuliza saa ngapi, sista, na wewe umemaliza maswali yote?"

Rangi haikuwa rahisi hivyo. Dalali mmoja alinitumia kwa simu picha ya cheti cha praima ile ile ya zamani, makopo sita, mzigo upo tayari. Cheti kilikuwa kizuri kuliko cheti changu cha ndoa nitakachopata siku moja: mihuri miwili, sahihi ya wino wa bluu, pambo la dhahabu pembeni. Nikasoma tarehe. Rangi ilikuwa imepimwa maabara mwezi wa pili na kutengenezwa mwezi wa tano.

Nilimpigia. "Kaka, hii rangi ilipimwa kabla haijazaliwa."

"Ni makosa ya kuchapa tu hayo, dada."

"Basi wachape na rangi nyingine."

Nilibandika ile picha ukutani stoo, nikaiangalia kila asubuhi kwa raha.

Mwishowe nikarudi kwenye vitabu. Mtengenezaji wa ndege alikuwa ametaja praima ya pili inayokubalika badala ya ile ya kwanza, tena kwa maandishi mepesi kabisa. Tatizo lilikuwa moja: ilikuwa rangi ya kuchanganywa na maji, na karakana nzima iliamini kwamba rangi ya maji haikai Dar. Niliuliza kila mtu kwa nini.

"Unyevunyevu," alisema fundi wa injini.

"Umewahi kuipaka?"

"Sijawahi."

"Unamjua aliyewahi?"

"Sista, kuna mambo mtu anayajua tu."

Fundi mkuu hakubishana. Aliniambia nimwonyeshe ukurasa. Aliusoma mara mbili, akipitisha kidole mstari kwa mstari, kisha akavua miwani. "Imeandikwa. Basi ipate. Lakini haigusi ndege kabla haijapita kwenye kamba."

Kamba hiyo lazima niieleze. Nje ya mlango wa nyuma, fundi mkuu alikuwa ametandaza waya kati ya nguzo mbili, na kwenye waya ule alikuwa ananing'iniza vibati vya alumini vya ukubwa wa karata ya kuchezea. Kila kopo la rangi lilipofunguliwa, kibati kimoja kilipakwa siku ile ile na mtu yule yule, kikagongwa namba ya kopo kwa patasi ndogo, kikatundikwa juani na mvuani. Hakuna kilichoshushwa. Vilikuwepo vya miaka kumi na zaidi, vikigongana upepo ukija. Wageni walidhani ni vya kufukuzia ndege, hawa wenye manyoya. Vijana waliviita kufuli za mzee, zile za kuvaliwa ndani, zilizoanikwa.

Wiki yangu ya pili kazini nilikuwa nimemuuliza: "Imeandikwa wapi kwamba tufanye hivi?"

"Haijaandikwa."

"Sasa kwa nini tunafanya?"

"Ili siku moja nisikuulize wewe."

Niliona ni jibu la kukwepa.

Rangi ya maji niliipata Kinondoni, kwa mama mmoja mjane wa Kihindi aliyekuwa na duka la rangi za meli na maboti. Familia yake ilikuwa pwani hii tangu babu wa babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilimkuta amevaa nyeusi, maana ilikuwa Muharram, mwezi wa maombolezo kwao, na duka lilifunguliwa asubuhi tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka rangi ya boti?"

"Ya ndege."

Alinitazama toka kichwani hadi viatuni. "Chukua hii ya boti. Inakaa ndani ya maji miaka mitano. Ndege inakaa ndani ya nini? Hewa!"

"Nitaipata wapi karatasi yake inayosema ndege?"

Akacheka hadi akashika kaunta. "Haya, umepita. Wengi nikiwaambia hivyo wananunuaga hapo hapo."

Kumbe alikuwa akimwagizia praima ya maji mtu wa kutengeneza boti za mwendokasi, na makopo manne yalibaki. Namba ya kipimo ilikuwa ile ile ya kitabuni. Vyeti vilikuwa vyote, tarehe zake zilifuatana kama inavyopasa, na muda wa kuisha ulikuwa bado mbali. Niliyabeba makopo mawili kwenye bajaji nikiyapakata kama mtoto.

Tukapaka vibati vitatu. Fundi wa mabati alivikwangua, akaviosha kwa dawa ya kuondoa mafuta, akavifuta kwa kitambaa kikavu, akapuliza rangi kwa bunduki. Vilikauka vizuri, kijani laini, bila doa. Karatasi ya rangi ilitaka siku saba zipite kabla ya kupima. Siku ya saba, fundi mkuu akachora kwa kisu mistari ya kupishana kama karatasi ya hesabu, akabandika tepu, akaikandamiza kwa kidole gumba, akaivuta. Ndipo nilipoulizwa lile swali.

"Unyevunyevu," alisema fundi wa injini kutoka chini ya bawa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita.

Nilianza na kompresa, mashine inayosukuma hewa kwenye bunduki ya rangi, kwa sababu kompresa ikizeeka hutema mafuta pamoja na hewa. Nilishika karatasi nyeupe mbele ya mdomo wa bomba kwa dakika tano. Ikabaki nyeupe. Nikapima maji ya kuchanganyia. Yalikuwa ya chupa, sawa na karatasi inavyotaka. Nikarudia kibati asubuhi na mapema, kisha mchana jua likiwa kali na hewa kavu kidogo. Safari hii sikungoja siku saba. Nilivivutia tepu kesho yake. Rangi ya vyote viwili ikahamia kwenye tepu, ya mchana sawa na ya asubuhi. Basi unyevunyevu haukuwa unabadilisha chochote. Hilo nililiandika na kulipigia mstari, ingawa halikunisaidia.

Nikatoka nje kwenye waya. Nilivivutia tepu vibati vyote vya miezi saba niliyokuwepo, vyote vya praima ya zamani. Hakuna hata kimoja kilichoachia hata punje. Watu wale wale, alumini ile ile, bunduki ile ile. Kwa hiyo, nikajiambia, kibaya ni kile kipya. Kibaya ni makopo.

Nikaenda Kinondoni nikiwa nimekasirika, nikiwa na vibati vinne vilivyokwanguliwa ndani ya mkoba.

"Mama, hii rangi imekaa kwenye joto."

Alifunga droo, akachukua funguo, akanipeleka nyuma ya duka. Chumba kilikuwa baridi kama benki. Kipima joto kilining'inia mlangoni, na chini yake daftari lenye mistari, asubuhi na jioni, asubuhi na jioni, mwandiko wake mwenyewe. Nilifunua kurasa za nyuma. Hata siku za msiba wa mumewe zilikuwa zimejazwa. Zile tu ziliandikwa kwa mwandiko mwingine.

"Shemeji yangu," alisema. "Nilimwambia, huyu amekufa, rangi bado ni nzima."

Niliomba radhi. Hakutaka radhi, alitaka kuona kibati.

"Lete hapa. Umekileta cha nini kama hutaki kukipaka?"

Alifungua kopo la tatu, akapima na kuchanganya kwa fimbo. Alinipa chupa ya dawa ya kuondoa mafuta, ile ile tunayotumia sisi. Kisha akachana pakiti mpya ya vitambaa vyeupe, vile vya kufutia vioo, akanipa kimoja. Nikafuta. Akapaka mwenyewe kwa brashi, taratibu, bila mapambo, vibati viwili. Vingine viwili nikarudi navyo vikiwa havijapakwa, pamoja na kikombe kidogo cha rangi hiyo hiyo aliyoichanganya.

Karakanani nilivipaka vile viwili kwa brashi vilevile, ndani ya saa moja, nikivisafisha kama tunavyosafisha siku zote. Kesho yake asubuhi nikavipanga vyote vinne mezani na kuwaita.

Tepu ya kwanza, kibati cha Kinondoni. Ikatoka kavu. Ya pili, cha Kinondoni. Kavu. Ya tatu, cha kwetu. Rangi ikaondoka yote.

"Ya nne usivute," alisema fundi wa injini, "tutalia."

Nikaivuta. Ikaondoka.

Rangi moja, kikombe kimoja, alumini moja, brashi, Dar ile ile yenye unyevu ule ule. Nilisimama pale nikihesabu kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Nilikuwa nimekishika mkononi.

Vitambaa vyetu vilitoka Temeke. Kulikuwa na mama mmoja aliyekusanya fulana za mitumba zilizokosa mnunuzi, akazifua, akazikata vipande vya mraba na kutuletea gunia kila Ijumaa. Alifanya hivyo tangu karakana ilipofunguliwa. Hakuna aliyewahi kuvitilia shaka, maana vilikuwa visafi, vilikuwa pamba, na vilikuwa vyake.

Nilichukua bati safi, nikalifuta nusu kwa kitambaa kipya na nusu kwa chetu. Nikalimwagia maji. Upande wa kwanza maji yalitanda kama kioo. Upande wa pili yalijikusanya matone matone yakakimbia, kama juu ya jani la magimbi.

Fundi mkuu aliinama kutazama. Kisha akakichukua kitambaa, akakinusa.

"Kinanukia."

"Maua," nilisema. Nilikuwa nimekinusa kabla yake.

"Mie nilijua ni wewe," fundi wa injini aliniambia. "Nikasema msomi anajipulizia hadi kwenye stoo."

Nilipanda bodaboda hadi Temeke. Nilimkuta mama wa vitambaa uani kwake, mikono imejaa povu, kamba tatu za vipande vya rangi zote zimetanda juu ya kichwa chake. Pale karibu na beseni la mwisho kulikuwa na dumu la maji mazito ya bluu, ile dawa ya kulainisha nguo.

"Shikamoo mama. Hii unaitia kwenye vitambaa vyetu?"

"Marahaba. Ehee! Suuza ya mwisho. Vinakuwa laini, vinanukia." Alinyoosha kimoja mbele ya uso wangu, akitabasamu. "Si unasikia mwenyewe?"

Nilimweleza, kwa kadiri nilivyoweza bila kumfanya ajisikie vibaya, kwamba dawa ile huacha utando mwembamba wa mafuta kwenye uzi, na uzi unauacha kwenye bati. Rangi ya zamani ilikuwa na vimiminika vikali vilivyokula utando huo ikajishikia zake, kwa hiyo hatukujua. Rangi ya maji haina ukali huo. Inakaa juu ya utando kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti.

"Kwa hiyo nisitie?"

"Usitie, mama. Sabuni kidogo, maji mengi, basi."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuijali wakati ule. "Haya, mwanangu. Leo hivi, kesho vile. Nyie ndio mnaojua."

Nilikuwa na haraka. Zilibaki siku kumi na moja, na saba kati ya hizo zilikuwa za rangi kukauka. Sikumuuliza kitu kingine.

Fundi mkuu hakunipongeza. Alinituma kwanza kwenye waya, nishushe vibati vyote vya praima ya zamani vilivyopakwa tangu vitambaa vilipoanza kunukia, nivitumbukize kwenye maji ya chumvi, kisha nivivutie tepu tena, mbele yake. Kuna ndege za watu zilikuwa angani na rangi ile tumboni, alisema, na hawezi kulala kwa sababu ya kitambaa. Kwa kuwa hakuna aliyejua vilianza lini kunukia, tulishusha vya miaka miwili. Vyote vikashika. Nilivitundika tena kwenye waya kimoja kimoja, na tangu siku hiyo sikumuuliza tena imeandikwa wapi.

Vibati vipya vitatu vikapakwa, vikangojwa siku saba. Asubuhi ya siku ya saba mwenye ndege alikuwepo, amevaa suti, simu mkononi, na nilisikia akimwambia mtu wa lori asubiri kidogo. Fundi mkuu alinipa kisu.

"Chora wewe."

Nikachora. Nikabandika tepu. Nilikuwa na uhakika, na bado nilipoivuta niliivuta kwa nguvu zaidi ya inavyotakiwa, kwa sababu sikutaka mtu aseme nimeibembeleza. Ikatoka safi, kavu, unaweza kubandikia zawadi. Ya pili vilevile. Ya tatu fundi wa injini akaomba avute yeye.

"Dar imekubali," alisema, akaibandika tepu ile kwenye paji la uso wake.

Mwenye ndege akamwambia mtu wa lori aende zake.

Mabati ya tumbo yalipakwa mchana ule ule, yakafungwa wiki iliyofuata, na mwenye ndege akavumilia siku zilizozidi bila kutaja lori tena. Kwenye fomu ya vifaa, mahali pa aliyepokea na kukubali rangi mbadala, fundi mkuu alinionyesha niweke sahihi yangu. Nilibaki kazini. Sasa stoo ni yangu, pamoja na waya, maana fundi mkuu amestaafu na yuko Bukoba akilima migomba, na vibati vya kila kopo ninaandika namba zake mimi. Vijana wapya wananiuliza imeandikwa wapi.

Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi, kwa mafundi, kwa mama yangu Mbweni, mara moja hata kwenye semina. Kila mara nilikisimulia hivi: mama mmoja mwenye roho nzuri wa Temeke, kwa hiari yake, aliamua kutupendezeshea vitambaa, na mimi nikagundua.

Miaka miwili baadaye binti wa mama wa vitambaa alikuwa anaolewa, na nilialikwa kitchen pati, Jumamosi mchana, uani pale pale, kamba za kuanikia zimefungwa maua ya karatasi. Mama alinishika mkono akanizungusha kwa mashoga zake.

"Huyu ndiye wa ndege niliyewaambia. Huyu! Nimefua vitambaa vyao miaka, hakuna aliyesema neno. Kaja huyu, binti mdogo, kaka zake wa kazini wanapokea gunia, yeye kachukua kimoja, kakipeleka puani, hivi." Akanionyesha, pua imekunjwa. "Akasema, mama, mbona vinanuka uvundo wa mitumba? Watu wakacheka. Mimi nikaona aibu, nikaenda zangu dukani nikanunua dawa."

Ilikuwa Ijumaa yangu ya kwanza kazini.